Pale Shemeji Alipocheka

Huyu ninayemwandika hapa, mtaani kwetu anaitwa Sindano, na vijana wengi wanadhani alikuwa mtu wa zahanati. Hajawahi kumdunga mtu maishani mwake. Sindano zake ni zile ndogo kuliko punje ya mchele, zinazokaa chini ya mkono wa kinanda cha santuri na kuusoma muziki. Alikuwa fundi redio, duka lake lilikuwa pale kona, na mtu yeyote mwenye kinanda alikipeleka kwake. Yeye alikuwa akiitoa sindano ya zamani, anainyanyua kwenye mwanga, anakunja uso kama aliyeonja shubiri.

"Hii si sindano, hili jembe! Unalima santuri yako, halafu unakuja kulalamika kwamba mwimbaji ana mafua."

Hapo mtu anacheka, anabadilishiwa, anakwenda zake. Nadhani hakuna nyumba ya mtaa ule aliyoacha kuingia na kikasha chake cha sindano. Isipokuwa moja, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, maana mimi shule niliishia darasa la nne, na kuandika kwangu ni kuandika mabango ya maduka.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba. Sindano alipigilia magodoro mawili ukutani, akaning'iniza blanketi mlangoni, akasema sasa hii ni studio. Lebo tukaiita Kona. Ile kona ya kijani iliyo kwenye karatasi ya katikati ya santuri niliichora mimi, na mpaka leo naona ukuta wa kushoto umepinda kidogo. Jirani yetu alikuwa mchomelea mageti, kwa hiyo tulirekodi akienda kula mchana tu. Mwenzetu akishiba haraka, wimbo umekufa. Ndiyo maana nyimbo zote za Kona ni fupi. Siku hizi nasikia wasomi wa muziki wanasema ule ulikuwa mtindo wetu. Mtindo gani! Tulikuwa tunamkimbia mchomelea mageti.

Sisi tulikuwa Bendi ya Ghorofani, kwa sababu mazoezi tulifanyia juu ya chumba cha mafundi cherehani. Mimi nilipiga gitaa la besi. Na miongoni mwa mafundi cherehani wale alikuwamo mke wa Sindano, mimi namwita Shemeji, mshona sare za shule. Akishona aliimba. Tuliokuwa juu tulikuwa tunanyamaza tumsikilize, halafu tunasingizia kwamba tunafunga nyuzi.

Siku moja mwimbaji wetu alikuja na shavu limevimba kama ameficha embe. Jino. Hawezi hata kusema habari. Mchomelea mageti ameshaondoka, dakika zinakwenda, Sindano anazunguka chumba kama kuku aliyekosa pa kutagia. Shemeji akaingia kuleta funguo za nyumbani.

Nikamwambia, "Shemeji, hebu tuokoe. Si unaimba kila siku na cherehani?"

"Cherehani hainicheki."

"Na sisi hatukucheki."

"Wewe, shemeji, unacheka hata msibani."

Lakini aliimba. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, wa kuimbia kazi, *Funga dirisha, upepo umeshaingia*. Ubeti wa kwanza ukapita vizuri. Ubeti wa pili, mpiga ngoma wetu, mtu mnene, kigoda kikamvunjikia. Akaenda chini taratibu huku anapiga, hakukosa hata pigo moja. Shemeji akamwona, akacheka katikati ya neno. Kicheko kifupi, cha puani, halafu akalidaka neno lake na kuendelea kama aliyeokota uzi ulioanguka. Tukasema turudie. Wakati huo huo mashine ya kukatia vyuma ikaanza kulia upande wa pili wa ukuta. Basi, wimbo ukatoka na kicheko chake.

Watu wakaupenda kwa kile kicheko. Walikuja dukani hawasemi jina la wimbo, wanasema, "Nataka ile ya mama anayecheka."

Sasa nieleze jambo la kanda, bila hilo hutaelewa. Lebo nzima ilikuwa na kanda sita, zile kubwa za kuzunguka, na hazikupatikana kwa urahisi. Tukisharekodi, kanda inakwenda kiwandani, kule wanatengeneza bati la kupigia chapa santuri, kisha kanda inarudi. Sindano anaifuta na kurekodia bendi nyingine. Alikuwa akisema muziki uko kwenye santuri, kanda ni daftari la rafu. Na santuri nazo hakujiwekea hata moja. "Ukiona lebo inajihifadhia santuri, ujue haziendi." Alijivunia rafu tupu, jamani. Rafu tupu ilikuwa ndiyo cheti chake.

Kanda ya Shemeji iliporudi alimwonyesha. Nilikuwepo.

"Hii yako. Niiache?"

Shemeji anauma uzi kwa meno, hata hakuinua kichwa. "Futa tu. Nitaimba nyingine."

Hakuimba nyingine. Kifua kilimwanza mwaka huo huo, tukadhani ni vumbi la vitambaa. Kabla mwaka haujageuka tukamzika.

Binti yao, wa pekee, alikuwa na miaka kumi na saba. Wiki ya pili baada ya mazishi alikuja dukani, bado amejifunga kitambaa cha mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale na baba yake.

"Baba, naomba ile kanda ya mama."

"Ilifutwa, mwanangu."

"Nani kaifuta?"

"Mimi."

Yule mtoto alimtazama. Kisha akasema polepole, kama anayesoma bango, "Umemfuta mama."

Sindano angeweza kusema kwamba mama mwenyewe ndiye aliyesema futa. Hakusema. Nilimuuliza baadaye, akaniambia, "Nimsingizie marehemu?" Nikamwambia si kusingizia, ni kweli. Akasema, "Hata kama." Na mimi niliyekuwepo siku ile ningeweza kusema. Nilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza, na ujinga wangu huo nimeubeba mpaka leo.

Binti akachukua kinanda cha nyumbani, kile ambacho baba yake alimtengenezea mama yake walipooana, sanduku la mbao na kifuniko, na juu yake santuri moja ya ule wimbo, aliyojiwekea Shemeji mwenyewe. Akahamia kwa mama yake mdogo. Akaolewa, akazaa, akawa fundi cherehani, ana nyumba yake nyuma ya soko, mwendo wa sigara moja kutoka dukani kwa baba yake. Miaka thelathini na minane. Walikutana misibani na harusini, wakapeana mkono kama wakaguzi. Salamu nyingine nilibeba mimi.

Zikaja kaseti, duka likakauka. Kiwanda kikafungwa, yale mabati yakayeyushwa pamoja na vyuma chakavu. Sindano akawa mtu wa kutengeneza chaja za simu. Lakini muziki wetu, sijui ulipitia wapi, ulikuwa unatembea peke yake. Siku moja niko kwa kinyozi, redio inapiga bendi ya vijana, nikasikia besi yangu. Vidole vyenyewe vilijua. Nikamwambia kinyozi hiyo ni mimi. Akasema, "Sawa mzee, usitikise kichwa."

Ndipo wakaja wale vijana wawili wa lebo mpya. Kazi yao ni kutoa upya nyimbo za zamani, kwa santuri tena. Tuliwauliza mara mbili kama wanasema kweli, wakasema ndiyo, watu wamerudi kwenye santuri. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja mwenye miwani mikubwa, sisi tukamwita Miwani, hakuchukia. Alikuwa amekusanya santuri za Kona kwa watu, nyimbo kumi.

"Wazee wangu, umebaki mmoja," akasema. "Funga Dirisha. Bendi tatu zimeuimba upya, na zote zinaulizia wa mwanzo. Mimi nina kaseti iliyorekodiwa kutoka redioni, lakini mtangazaji anaongea juu ya ubeti wa kwanza, na kabla ya ubeti wa pili anakata."

Sindano alikuwa ameshika chaja ya mtu. Akaiweka chini. "Kicheko hakimo?"

"Kicheko gani, baba?"

Hakujua hata kama kipo! Tulimtazama, tukatazamana. 

"Iko moja," akasema. "Kwa mwanangu. Kama atatufungulia mlango."

Tulikwenda na Miwani siku iliyofuata, asubuhi. Sindano alivaa shati la harusi za watu. Njiani alisimama mara moja na kuniuliza, "Hivi alicheka mara moja au mbili?" Nikamwambia moja. "Nami nasema moja," akasema, tukaendelea.

Binti alitufungulia, sentimita ya kupimia nguo imemning'inia shingoni, mvi zimemwingia.

"Shikamoo, baba mdogo," akaniambia. Akamgeukia baba yake. "Shikamoo." Hivyo tu, bila baba.

"Marahaba, mama."

Tukakaa. Miwani akaeleza kwa adabu. Binti akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sikatai. Lakini isitoke humu ndani. Rekodini hapa hapa."

Kinanda kilikuwa pembeni ya cherehani, kimefunikwa kitambaa kilichotarizwa. Alipokifunua, mbao zilikuwa zinang'aa kwa kupanguswa. Akasema, huku anaitoa santuri kwenye jalada, "Naipiga kila siku nikianza kazi. Pale anapocheka narudisha, narudisha, hata mara tano. Watoto wangu wamekua na kile kicheko. Siku hizi masikio yangu yamechoka, simsikii sana, lakini najua yupo."

Sindano akasimama. Akaenda kuinama juu ya mkono wa kinanda, akatoa mfukoni mwake lenzi yake ya fundi, akatazama chini ya mkono. Alikaa vile mpaka mgongo ukamlazimu kuinuka. Nilisubiri aseme jembe. Hakusema. Ile sindano aliiweka yeye mwenyewe, Shemeji akiwa hai. Miaka thelathini na minane hakuna mtu aliyeibadilisha, kwa sababu mtu wa kubadilisha sindano mji huu alikuwa mmoja.

"Piga," akasema.

Ubeti wa kwanza ulikuwa na mikwaruzo, lakini alikuwapo. Sauti yake ile ile, kavu kidogo, ya mtu mwenye pini mdomoni. Ukaja ubeti wa pili. Ikawa ni mafuta yanakaangwa. Sss, sss, na mbali kabisa kitu kama mtu anaongea nyuma ya mlango uliofungwa. Nikasikia besi yangu, nikasikia pigo la ngoma pale kigoda kilipovunjika. Nikangoja. Pakapita bila kitu.

Miwani alivua vifaa vyake vya masikioni, hakujua amtazame nani.

"Nini?" binti akauliza. "Si amecheka hapo? Hamkusikia?"

 Yeye alikuwa anamsikia kwa kumbukumbu, siku nyingi tu. Kicheko kilikuwa kimeliwa na ile sindano, kwa kurudishwa na kurudishwa.

Akaelewa kwenye nyuso zetu. Akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Basi nimemfuta mimi," akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo, nimechelewa miaka yote hiyo. Nikamwambia mama yake alivyosema akiuma uzi, futa tu, nitaimba nyingine. Alinisikiliza, kisha akamuuliza baba yake, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkasirikia nani, mama? Marehemu?"

Miwani alikaa na ile rekodi wiki tatu kwenye mashine zake. Alirudi mwenyewe, hakupiga simu, na kwa hilo namheshimu. "Baba, nimejaribu. Nikiondoa mchakacho, na yeye anaondoka. Wamekuwa kitu kimoja." Akauliza kama watoe ubeti wa kwanza peke yake. Sindano akasema wamuulize mwenye santuri. Binti akasema wauache.

Santuri mpya ilitoka na nyimbo kumi. Jalada zuri, kona yangu ya kijani katikati, na ukuta wangu uliopinda. Sindano alipewa moja, na safari hii hakuitoa kwa mtu. Aliiweka kwapani, akachukua kikasha chake, akanipitia, tukaenda nyuma ya soko.

Alipiga magoti mbele ya kinanda, na magoti yake si ya kupigwa tena.

"Baba, polepole, hiyo skrubu imelegea," binti akasema.

Akaifungua, akaitoa ile sindano ya zamani. Hakuinyanyua kwenye mwanga. Akaifunga kwenye karatasi, akaitia mfukoni, akaweka mpya.

Tukasikiliza upande wa kwanza wa santuri mpya. Tulipiga vizuri, lazima niseme. Ulipokwisha, binti akaitoa na kuipandisha ile ya mama yake.

"Isije ikazidi kulika," Sindano akasema.

"Imebaki nini cha kulika, baba?"

Akaishusha. Ile sindano mpya ilikuwa kali kweli, ilisoma kila kitu. Ubeti wa kwanza ulitufikia karibu kuliko siku ile. Na ubeti wa pili ule mchakacho nao ukasomeka vizuri zaidi, chembe kwa chembe, ukajaza chumba. Sindano alikuwa bado magotini, kiganja juu ya kifuniko.

"Hapa," binti akasema, akanyoosha kidole kwenye santuri inayozunguka. "Ni hapa."

Baba yake akaitikia kwa kichwa kwamba anapajua.