Mapera Juu ya Tembe

Mama alikuwa na mpera mmoja tu, nyuma ya nyumba karibu na jalala, na aliulinda kuliko alivyotulinda sisi. Mapera yakiiva tulichuma kabla ndege hawajatuwahi. Aliyakata vipande vyembamba, akavipandisha juu ya tembe letu, kwenye lile paa la udongo lililolala tambarare. Mbuzi hawakufika huko, na jua halikukosa. Kila asubuhi alipanda kuvigeuza, jioni akavifunika kwa mkeka. Kiangazi, wenzetu wakimung'unya ubuyu, mimi nilitafuna mapera makavu mbele yao kwa maringo ambayo leo nayaonea aibu.

Mwaka wa kuhamia kijiji cha ujamaa, Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Yeye ndiye aliyepita akiwaambia watu kwamba ikifika Jumatano boriti za mapaa ziwe zimeng'olewa, zikajengewe nyumba huko kijijini. Jumatatu Mama alikuwa ndiyo kwanza ameanika.

"Baba watoto, niachie siku tatu."

"Balozi akijipa siku tatu, watu watajipa miezi mitatu."

"Haya. Bomoa, lakini na mimi nitakuwa juu huko huko."

Hakupanda. Jumatano Baba alipanda peke yake, akakusanya mapera kipande kwa kipande, akamshushia Mama mkeka mzima, ndipo akashika shoka. Tuliyabeba yakiwa hayajakauka, na wiki haikuisha yakaota ukungu ndani ya gunia. Mama aliwamwagia kuku, akaapa kwamba hatamsamehe Baba. Nililia, maana Mama hakuwa mtu wa kuapa.

Nyumba mpya zilipangwa kwa mstari, zote na mapaa ya nyasi yaliyoinama huku na huku. Hapakuwa na mahali pa kuanika hata kiganja cha mtama. Mpera wetu nao uling'olewa na trekta lililokuja kulima shamba la kijiji. Kilichobaki ni mbegu chache ambazo Mama alizifunga kwenye pindo la kanga. Alizipanda nyuma ya nyumba, ikaota moja.

Mche ulipofikia urefu wa kidole, Baba akaanza kujenga kibanda. Paa lake lilikuwa tambarare, la udongo. Jirani mmoja alisimama akatazama wee.

"Shikamoo, balozi. Sisi ulitubomolea, kumbe wewe unajenga tembe! Mkuki kwa nguruwe, siyo?"

"Marahaba. Hili ni banda la kuku."

Kuku hawakulala mle hata siku moja.

Mpera ulichukua miaka mitatu kuzaa. Miaka yote hiyo, kila mvua zilipokatika, Baba alipanda kulikandika upya lile paa lisilo na kitu, na Mama, aliyeapa kwamba hatamsamehe, alisimama chini akimpandishia udongo.