Garde mwenye alikata mukaba yangu

Leo nilitukana muntu mwenye aliniokoa.

Ba rafiki ya Élisabethville, musikie!

Asubui kamyo ilitufikisha kwenye parc ya nyama wa pori, juu ya milima ya Kibara. Mawingu ilifunika yote. Mi nikatangulia mbele ya bibi yangu ya ndoa Anastasie, na koti yangu ya misa.

Garde, mulinzi ya parc, akakamata mukaba ya suruali yangu, akanivuta nyuma kwa nguvu. Mukaba ikakatika.

"Weye iko na wazimu? Unanivula suruali mbele ya bibi!"

Garde alinyoosha tu kidole mbele.

Upepo ikasukuma mawingu. Mbele ya viatu yangu, bulongo ilikuwa imeisha, mulima ilikatika pale. Chini kabisa, punda-milia zilikuwa zinakula majani, kidogo sawa siafu.

Nikashika suruali, nikamuambia: "Aksanti, baba. Unisamehe."

"Sasa angalia," akasema. "Iko muzuri, hapana?"

Iko muzuri sana.

Mucheke suruali yangu, ba rafiki, mucheke bile munapenda. Niko muzima.