Bwana Zimeisha na Anwani Zake

Kuna watu ukiwapa hata ufunguo wa choo, tayari wamekuwa mawaziri. Mmoja ni huyu fundi mkuu wa mitambo wa chuo, tuliyembandika jina la Bwana Zimeisha.

Mashine yoyote inayotaka kufikiwa kwa intaneti kutoka nje huhitaji anwani, namba yake peke yake isiyofanana na nyingine duniani. Liko shirika linalozigawa kwa nchi zetu, na siku hizi zimeadimika. Chuo kilipewa maelfu zamani, wakati hakuna aliyezigombania. Kazi ya Bwana Zimeisha ilikuwa kuzigawa. Kuzigawa, wapi! Alizikalia kama kuku aliyeatamia mayai viza.

Shemeji yake, muuguzi mkuu wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, alimwendea ofisini kuomba moja tu, ili daktari bingwa aliye mbali asome picha za eksirei. Bila hiyo, waliovunjika mifupa walisafirishwa kutwa nzima, wakilia njia nzima.

"Zimeisha, shemeji," alisema, bila hata kumkaribisha kiti.

"Hata moja?"

"Hizi si karanga."

Mtu mzima na mvi zake, haoni haya! Nyingi ya namba zile hazikuwahi kuguswa. Jioni akamsimulia mkewe mezani alivyomnyoosha dada yake, huku anacheka. Mkewe akabeba sahani yake, akaenda kulia chakula jikoni.

Baadaye shirika likauliza anwani za chuo zinafanya kazi gani. Akajibu kwa madaha kwamba zote zinatumika. Loo, kiburi! Wale nao wakabisha hodi kwenye anwani moja moja kwa mitambo yao, na karibu zote zikawa kimya. Wakazichukua, wakawapa waliokuwa kwenye foleni.

Haukupita muda akateleza bafuni, nyonga ikagoma. Wakambeba mpaka zahanati. Kwenye mashine ya eksirei palikuwa na kibandiko chenye anwani yake. Bwana Zimeisha akaikodolea macho. Namba zile alizijua kuliko siku za kuzaliwa za wanawe.

"Shemeji, hii mmeitoa wapi?"

"Kampuni ya intaneti imetupatia juzi. Eti zilikuwa kwa mtu asiyezitumia." Muuguzi akamgeuza ubavu taratibu. "Tulia sasa, shemeji. Daktari anasubiri picha yako."