Mboga ya Hildegardi Isiyo na Chumvi

Siku ya kwanza Hildegardi alipopika maharage bila chumvi, bakuli lilirudi jikoni limejaa kama lilivyokwenda. Mtu mmoja alikuwa amechovya tonge pembeni, likabaki shimo dogo, na safari ya maharage yale ikaishia hapo. Nyuma ya bakuli ikafuata sauti ya baba yake mdogo, Kilian, kutoka barazani: "Jamani, leo kwa kaka tumelazwa hospitali!" Wanaume wakaangua kicheko. Hildegardi alikuwa na miaka kumi na mitano, umri ambao kicheko cha watu wazima kinachoma kuliko kibao. Alilia kwa hasira, kisha akayala maharage yale mwenyewe mpaka tumbo likamuuma, maana kumwaga chakula asingethubutu.

Pale kwao, katika milima ya Wamatengo juu ya Mbinga, wanaume wa ukoo mmoja walikula chakula cha jioni pamoja kwenye nyumba ya mkubwa wao. Kila mwanamke alipika kwake, akabeba ugali wake na bakuli lake la mboga, akaviweka mbele yao, akarudi jikoni kula na wanawake wenzake na watoto. Kikao hicho waliita sengu. Hapo ndipo ndugu waliogombana walipopatanishwa na vijana walipofundishwa adabu. Na hapo, tusidanganyane, ndipo mapishi ya kila mwanamke yalipohukumiwa bila mwenyewe kuwepo.

Miaka hiyo ya tisini sengu ilikuwa imeanza kufa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wakipanda milima na magari yao, fedha mkononi, na mtu akishapata mabati na meza ya kulia anajifungia na watoto wake. Urbani, baba yake Hildegardi, hakutaka kusikia habari hizo. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na baraza lake ndilo lililokuwa sengu. Mkewe, Lidia, mzaliwa wa Lituhi kule ziwani, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na tangu hapo bakuli la nyumba ya Urbani lilipikwa na Hildegardi. Alipika vizuri kama mabinti wengine, na hakuna aliyemcheka mpaka ilipoingia habari ya presha.

Urbani alianguka katikati ya mibuni yake, akipalilia. Alipopimwa mjini, daktari alitikisa kichwa. Akamwambia aache chumvi kabisa, apunguze mafuta, ale mboga za majani kwa wingi na ugali wa dona badala ya sembe. Kisha akamgeukia Hildegardi aliyemsindikiza baba yake. "Wewe ndiye unayempikia?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi uhai wake uko kwenye chungu chako. Chumvi ikiendelea, siku moja ataanguka na hatainuka."

Kumwambia mtoto neno kama hilo! Huenda daktari alitaka tu kumtia bidii, lakini Hildegardi alirudi nalo nyumbani kama mtu aliyetwishwa gunia la kahawa mbichi. Jioni hiyohiyo alimwendea baba yake kabla watu hawajafika.

"Baba, nikutengee chako pembeni. Hata chumbani."

"Nitengewe mimi, mwenye sengu?" Urbani alicheka, lakini macho hayakucheka. "Ndugu zangu wako barazani, mimi niko chumbani natafuna kama panya? Hapana, mwanangu. Weka chako katikati pamoja na vya mama zako. Mimi nitajua nile kipi."

Hildegardi akaamini. Alichotakiwa kufanya, kwa akili yake, ni kupika bakuli moja lisilo na chumvi kati ya mabakuli yote, na baba yake angekula hilo. Lakini bakuli lilirudi limejaa siku ile, na siku zilizofuata, na mkubwa wa ukoo hawezi kung'ang'ania peke yake chakula ambacho wenzake wamekisusa. Ikawa lazima mboga ile iliwe na wote.

Na kuwalisha watu wale mboga chapwa haikuwa kazi ndogo. Wote walikuwa wamepitia miaka ya uhaba, pale chumvi ilipokuwa ikiombwa kwa jirani kwenye kiganja na kurudishwa kwa sabuni. Sasa maduka ya Mbinga yamejaa, chumvi iko hadi mlangoni, na hakuna mwanamke aliyetaka kuonekana bado anaibania. Mke wa Kilian, mama mdogo Bonifasia, aliitia kwa mkono mzima. Maharage yake yalikuwa matamu na makali, na ukishayala unamaliza mtungi wa maji.

Hapo ndipo ilipoanza hekaheka ya Hildegardi jikoni. Alijaribu ndimu, akazidisha, wanaume wakakunja nyuso kama waliokunywa dawa ya minyoo. Alijaribu tangawizi kwenye maharage, Kilian akauliza kama siku hizi maharage yanaliwa na chai. Alikaanga vitunguu bila mafuta ya kutosha vikaungua, nyumba nzima ikanuka, na mama mdogo Bonifasia akaja mbio akidhani moto umeshika paa. Alitia pilipili nyingi, watu wakala kidogo na kutoa machozi mengi. Kila jioni alikaa jikoni akisubiri bakuli lirudi, na likirudi aliinama kulitazama kabla hata hajalishika.

Likizo ya shule ilipofika alipanda lori kwenda Lituhi kwa bibi yake mzaa mama, Bibi Recho. Alimwamkia, akamweleza kila kitu, mpaka kicheko cha hospitali. Bibi Recho hakucheka. Alimkalisha mbele ya kichanja cha kukaushia samaki, mbasa wamelala juu yake, moshi wa kuni ukiwapita taratibu.

"Nyinyi watu wa milimani mnadhani ladha inatoka kwenye chumvi tu," alisema. "Mnuse huyu. Moshi umeshamkoleza. Mchambue, mpondee karanga mbichi, tia nyanya zilizoiva mpaka zimeanza kulegea, uache vichemke bila haraka. Ndimu tia mwisho, ukishaepua, tena kidogo. Haraka ndiyo inayokufanya ukimbilie chumvi."

Hildegardi alirudi na furushi la samaki lililofanya abiria wenzake wasogee pembeni. Alipika majani ya maboga kwa karanga, nyanya na mbasa wa moshi, akaonja, akaonja tena, akasimama katikati ya jiko akicheka peke yake. Hakukuwa na hata punje ya chumvi aliyoitia mwenyewe. Alisonga ugali wa dona, akabeba, akaweka barazani, akarudi kusubiri.

Bakuli lilirudi tupu. Si tupu tu, lilikuwa limekombwa kwa vidole mpaka linang'aa. Na sauti ya Kilian ikasikika, safari hii ikiuliza kama hakuna kilichobaki chunguni. Hildegardi alilikumbatia bakuli lile kifuani kwa furaha, gauni likachafuka, hakujali.

Tangu hapo akawa moto. Jioni moja kunde na nazi iliyotoka pwani kwa bahati, nyingine uyoga wa mvua za kwanza, nyingine parachichi lililopondwa na ndimu na kitunguu kibichi, kitu ambacho wazee walikikodolea macho kwanza kisha wakakigombea. Wanawake wakaanza kupita jikoni kwake kwa visingizio, huyu anaomba moto, yule anarudisha ungo, macho yakiwa chunguni. Kila jioni bakuli lilirudi tupu. Hildegardi aliomba usiku akimshukuru Mungu kwamba baba yake anakula.

Lakini presha haikushuka. Kila walipokwenda kupima, daktari alikunja uso na kumuuliza Urbani kama kweli ameacha chumvi. "Binti yangu anapika bila chumvi kabisa," Urbani alijibu, na hakuwa amesema uongo. Hildegardi alirudi njiani akijiuliza amekosea wapi. Akaona labda ladha haijatosha, labda baba anakula kidogo mno. Basi akaongeza ufundi. Masikini, hapo ndipo alipozidi kuharibu, naye hakujua, na wa kumwambia hakuwepo, kwa sababu binti hakai barazani wanaume wanapokula.

Urbani alianguka tena msimu wa mavuno, mkono ukiwa kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Alipelekwa hospitali kwa gari la mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa akipita, akalazwa, akarudishwa nyumbani upande mmoja wa mwili ukiwa umekufa na mdomo umekwenda kando. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. Sengu ikahamia kwa Kilian.

Kilian alikuja kumtazama kaka yake, akakaa kitini karibu na kitanda. Urbani alikuwa amesinzia. Hildegardi alikuwa ameketi chini, akichambua samaki, na Kilian akaona ni vizuri amfariji mtoto.

"Usijilaumu, mama," alimwambia kwa upole. "Umempikia baba yako mapishi ambayo ukoo huu haujawahi kuyaona. Na yeye alivyokuwa akijivunia! Bakuli lako likifika tu, analisukuma kwetu. Anasema, 'Kuleni, ndugu zangu, mwanangu huyo.' Tukimwambia chovya na wewe, anakataa. Mwenye nyumba hashindani na wageni kwa chakula kizuri. Anavuta maharage ya mama yako mdogo, anakula hayo, macho yakiwa kwetu, anafurahi."

Kisu kilisimama mkononi mwa Hildegardi.

"Hakuonja?"

"Wakati ule kilipokuwa kibaya alikuwa akichovya kidogo, kukutetea. Kilipokuwa kitamu..." Kilian alikuwa ameanza kuyasikia maneno yake mwenyewe. Aliutazama uso wa mtoto, kisha akamtazama kaka yake kitandani, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Yale maharage ya kwangu."

Hakuna lililomuuma Hildegardi maishani kama lile, hata kifo cha mama yake, ambacho angalau hakukipika kwa mikono yake. Ndivyo alivyojiambia, na haikuwa haki, lakini nani angembishia. Kilichomwangusha Urbani ni chumvi, na mazoea, na heshima ya mtu aliyeona ni aibu kula kizuri mbele ya wageni. Yeye alikuwa mtoto aliyejitahidi. Hata hivyo kila bakuli tupu alilolifurahia lilikuwa limekombwa na watu wazima wa afya, na kadiri alivyozidi kupika vizuri, ndivyo baba yake alivyozidi kusukumwa kwenye bakuli la chumvi.

Alinyanyuka, akaenda jikoni. Alipika mboga ile ya kwanza, ya majani ya maboga na mbasa. Machozi yalimtiririka muda wote, akageuza uso yasidondokee chunguni. Aliporudi, baba yake alikuwa ameamka na Kilian bado yuko pale pale, kama aliyegandishwa na kiti. Walimwinua mgonjwa wakamwegemeza ukutani. Hildegardi akachota kijiko, akakipuliza, akamlisha upande wa mdomo uliokuwa mzima.

Urbani alitafuna polepole. Akaacha. Akamtazama binti yake kwa muda mrefu, na jicho moja likaanza kutoa maji.

"Ndiyo... hii?" aliuliza.

"Ndiyo hii, baba."

"Kumbe," alisema.

Akameza. Hildegardi alichota kijiko cha pili, akiwa na tumaini la ghafla ambalo halikuwa na msingi wowote, kwamba labda bado hawajachelewa, labda mwili utakumbuka. Lakini Urbani aliuinua mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukalifikia bakuli lililokuwa mapajani mwa binti yake. Akalisukuma. Lilikwenda kidogo tu, nguvu hazikuwepo, lakini kila mtu aliona linakoelekea. Lilikuwa linakwenda kwa Kilian.

"Karibu," alimwambia mdogo wake. "Kula."

Kilian alitoka nje kwa haraka, akakutwa nyuma ya nyumba akilia kwa sauti kama mwanamke aliyefiwa. Hildegardi alilivuta bakuli, akalishika kwa nguvu, na kwa mara ya kwanza maishani akampandishia baba yake sauti. "Hapana! Hii ni yako! Ni yako peke yako, baba, kula!" Urbani akafumbua mdomo kwa utii, kama mtoto mdogo, akala. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni, yakitafuta nani mwingine ameingia asiye na kitu mkononi.

Alikula hivyo kwa siku chache tu. Alifariki kahawa ikiwa bado kwenye vichanja, akazikwa karibu na mkewe, na watu waliojaa msibani walikuwa wengi, wengi wao wakiwa wameonja mapishi ya binti yake. Walimpa mkono wa pole, na zaidi ya mmoja akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hawatasahau jinsi marehemu alivyowalisha. Hildegardi alijibu asante, akainama, na hakuna kitu alichotamani siku ile kama kusikia kwamba baba yake alikuwa mchoyo.