Asirudishwe Chini

Mjini pale, mwisho kabisa wa barabara, karakana ya majeneza ilikuwa moja tu na mshonaji wa bitana, kile kitambaa cha ndani ya jeneza, alikuwa mmoja, Pini. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukukosa pini, na bado aliweza kukusengenya nazo mdomoni bila kujichoma. Wafu aliwashonea hata mito, akiipiga ngumi ilainike. Ukimwuliza ya nini, kwani maiti huumwa shingo? Anakujibu, "Umejuaje kama haumwi? Ulishakufa lini wewe?"

Maneno yote hayo yalimwisha siku mumewe alipofariki kwa kifua.

Ujanani mume huyo alifukiwa na kifusi mgodini. Alitolewa mzima, akaacha mgodi, akawa fundi baiskeli, watu wakasahau. Mkewe tu ndiye aliyejua kwamba hakupata usingizi taa ikizimwa wala mlango ukifungwa. Mume alimwapisha, maskini: "Nikifa nichomeni, majivu yapeperushwe. Msinirudishe chini. Na mama usimwambie kwa nini. Ile kazi ya mgodini alinitafutia yeye." Pini akaapa yote mawili.

Tanuri la kuchomea maiti lilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari la maiti. Makaburi yalikuwa hapo hapo, nyuma ya karakana. Basi mwenye karakana, penseli sikioni, akawauliza wafiwa, "Tuchimbe au gari litoke?"

"Chimba," akasema mama mkwe.

"Litoke," akasema Pini.

Hao wawili tangu zamani hawakupikika chungu kimoja. Bibi yule alikuwa akinywa chai ya Pini vikombe vitatu huku akilalamika kwamba haina ladha.

"Umchome mwanangu kama takataka!" akafoka. "Alikukosea nini? Mimi nataka kaburi, nikae naye."

Jamani, ungefanyaje? Akinyamaza, mumewe anashuka shimoni. Akisema, anavunja kiapo na kumvunja mama wa watu moyo. Pini akasema. Alieleza habari za taa, za mlango, za jasho la usiku, na kwamba mumewe aliomba mwenyewe asizikwe. Habari ya kazi hakuigusa.

Kuificha hakukusaidia kitu. Mama mkwe aliketi taratibu juu ya benchi la kupigia randa.

"Nilimwombea mimi ile kazi," akasema. "Alikuwa hataki. Nikamwita mvivu."

Akalia kilio cha mtu mzima, kile kisichojali nani anatazama. Mwenye karakana alitoka nje akajifanya anakagua matairi. Pini naye alikuwa akilia, na hakujua afanye nini na mikono yake.

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuwa anakupenda, mama. Hakutaka ujilaumu."

Bibi akajifuta uso kwa mkono wa blauzi, akamwita mwenye karakana arudi ndani.

"Gari litoke," akamwambia. "Mwanangu asirudishwe chini."

Halafu akamgeukia mkwewe, na ukali wote umemtoka usoni.

"Sasa mimi, nikitaka kumlilia, nitakwenda wapi?"

Pini akaketi kando yake kwenye benchi.

"Utakuja kwangu, mama," akasema. "Tutalia wote."