Mama Mkwe Akae Nyuma, Usukani Utulie

Saa tatu asubuhi, gerejini kwake mjini Tanta, Misri, Fundi Rawya ameingiza kichwa kwenye upenyo wa gurudumu la nyuma la gari. Ndani ya gari hilohilo, Hajja Inayat na dada zake wawili wanakunywa chai.

Hajja hajui kuwa anapimwa.

Kisa kilianza Ijumaa. Wagdi, anayemuoa binti wa Hajja kesho, alifunga springi za kupandisha na kushusha, akalilaza gari lake chini kama paka anayemnyemelea njiwa. Likapendeza, jamani! Kisha akampakia mama mkwe kiti cha nyuma, pamoja na hao dada zake wawili. Nyuma ikadidimia, pua ikainuka, matairi ya mbele yakakosa uzito. Wagdi akakata kulia, gari likachelewa kumsikia, likaenda kumsalimia muuza matikiti maji. Tuta lililofuata likamtwanga Hajja mgongo. Akatangaza: akirushwa tena, hakuna ndoa.

"Nilimuuliza Wagdi mama mkwe wake ana kilo ngapi," anasema Rawya, mjane aliyeachiwa gereji na mumewe. "Akaniambia, fundi, bora nivunje uchumba mwenyewe."

Ndiyo maana ya chai. Wageni wakiwa wamekaa, Rawya anazungusha spana, anapandisha springi za nyuma mpaka gari linakaa sawa, kisha anakaza shokapu ili gari lisidundedunde.

Wagdi anashika usukani, wanazunguka mtaa. Kwenye kona, gari linafuata usukani bila ubishi. Kwenye tuta, chai ya Hajja haimwagiki. Anapiga vigelegele dirishani.

Wakirudi, Rawya anamnong'oneza Wagdi: Hajja akishuka, nyuma itabaki juu na ngumu, itarukaruka, na usukani utashtuka kwa kuguswa tu. Alegeze kabla ya safari ya fungate, kule Matruh pwani.

Hajja ana masikio.

"Yaani bila mimi gari hili halitulii?"

"Lilivyokazwa sasa, ndiyo, Hajja."

"Basi na Matruh nakwenda. Siwezi kumwacha mwanangu kwenye gari la namna hiyo."

Wagdi anamtazama fundi kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

Rawya ana ndoto ya gereji ya pili, barabara ya Aleksandria. Lakini wiki hii tumaini lake ni dogo zaidi. Zawadi ya harusi ameshaifunga kwa karatasi ya dhahabu: spana ya springi, na Wagdi ameshafundishwa kuitumia.

"Kulegeza ni dakika chache tu," anasema. "Namuomba Mungu siku ya safari Hajja achelewe kuamka."