Namna Mwalimu Ngui Alivyofundisha Kukandamiza

Kwa miaka mingi Mwalimu Ngui alifundisha vijana wa udaktari wa meno, kwenye chuo kimoja cha Kajiado, kazi moja tu: kutuliza mkono. Hugusi mgonjwa kwanza. Unapewa kipande cha sabuni ya kufulia na kisu kidogo, unachonga gego hadi liwe gego kweli. Ukikosea, Ngui analitumbukiza kwa ndoo ya maji. "Hiyo ni jino ama ni kiazi? Anza tena!" Walimwogopa, lakini wee, walitoka pale na mikono!

Mwaka wa 2003 kidole gumba chake kikaanza kucheza chenyewe. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa neva, hauponi. Ngui hakumwambia mtu chuoni. Mwalimu wa mikono anayetetemeka, nani atamweka kazini? Kisha akagundua ujanja: akikandamiza mashine ya kutoboa juu ya jino kwa nguvu, mkono unatulia. Akafundisha hivyo hivyo mwaka mzima, na wanafunzi wakamwiga, maana wangemwiga nani mwingine? Aliyejua ni mkewe Katee peke yake, kule nyumbani Kitengela.

"Baba Kiilu, si uwaambie tu," alimsihi.

Ng'o! Mficha maradhi kilio humfichua, lakini mtu mwenye hofu hasikii methali.

Basi Namalwa, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, akapewa mgonjwa wa kwanza, mama mmoja wa Kimaasai. Akakandamiza vile alivyofunzwa. Mashine ikapenya jino, ikateleza, ikapasua ulimi wa yule mama. Damu ikajaa kifuani.

Wakubwa wa chuo wakamwita Namalwa wamfukuze. "Nani alikufunza kulalia mashine hivyo?"

Msichana akatazama sakafu, asimtaje mwalimu wake. Ngui alikuwa ameketi mezani pale pale na hao wakubwa. Haki, aliona aibu. Akinyamaza tu, kazi yake inabaki, na mtoto wa watu anarudi kwao Bungoma na kosa lisilo lake.

"Leteni jino la mazoezi na mashine," akasema.

Akashika mashine, akaligusa jino polepole bila kukandamiza, jinsi inavyotakiwa. Mkono ukatetemeka wote hadi kwenye kiwiko. Mashine ikawa inagongagonga meza, naye hakuuficha mkono. Kisha akakandamiza, mkono ukatulia, na wakubwa wakaelewa ni nani aliyemfunza Namalwa.

Namalwa aliachwa aendelee na masomo. Ngui aliacha kazi mwezi huo huo. Siku ya kwenda kuchukua vitu vyake chuoni, Katee alimfunga vifungo vya shati kimoja kimoja, na Ngui akageuza uso ili mkewe asimwone akilia.